UZI: "Wachina wametununua" au "Wachina ni marafiki"? Tusome mkataba kwanza

Kila mdahalo wa kisiasa nchini hufika hapa. Mmoja anasema China ndiye rafiki wa kweli kwa sababu anajenga. Mwenzake anasema huu ni ukoloni mpya. Watu wanapiga makofi, mwendeshaji anarukia bei ya unga, basi. Umeenda kulala bila kuelezwa chochote.

Tuanzie hapa kwetu. Simama kwenye daraja la wapita njia pale Ruiru uangalie magari yakipita chini. Utaambiwa hii ni barabara ya Wachina. Ilianza kujengwa 2009, ikafunguliwa rasmi Novemba 2012, kama kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika. Makandarasi kweli walikuwa Wachina, kampuni tatu: China Wu Yi, Sinohydro na Shengli. Na pesa je? Sehemu kubwa ya mkopo ilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki ya Exim ya China ikaongeza yake, serikali yetu nayo ikaweka. Kumbe aliyejenga na aliyekopesha si lazima awe mtu mmoja. Shika hilo, litakusaidia huko mbele.

Sasa, taifa linaloinuka ni nini? Ni nchi ambayo uchumi wake umekua kuliko kiti ilichopewa mezani. Inataka masoko ya kampuni zake, njia salama za meli zake, na sauti kwenye maamuzi ya dunia. Aliyekuwa mkubwa tangu zamani anaona kiti chake kinavutwa. Anaanza kuhesabu nani yuko upande wake. Hapo ndipo nchi kama Kenya inaanza kupigiwa simu na pande zote mbili.

Na si mara ya kwanza. Mwisho wa karne ya 19 taifa lililokuwa linainuka ni Ujerumani. Liliungana 1871, na kufikia 1885 lilikuwa limejitangazia himaya upande wa Tanganyika. Uingereza ikaingiwa na hofu ya kupoteza Uganda na chanzo cha Nile. Reli ikaanza Mombasa 1896, ikafika Ziwa Victoria 1901. Hakuna mtu wa huku aliyekuwa ameiomba. Kisha 1914 wakubwa hao wakapigana Ulaya, na vita vikaletwa hadi hapa. Waafrika makumi ya maelfu walikufa wakibebea majeshi mizigo, wengi kwa ugonjwa na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ukishuka matatu Kariokor, au ukiwa Kariakoo kule Dar es Salaam, jina hilo ndilo hilo.

Watu hupenda kusema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Sawa, mwaka 1914 tulikuwa nyasi kweli. Lakini nyasi haitii sahihi mkataba. Sisi siku hizi tunatia, na ndiyo maana nataka tukae kidogo kwa SGR.

Mkopo wa Mombasa hadi Nairobi ulisainiwa na Exim ya China mwaka 2014, wa kuendelea hadi Naivasha ukafuata. Treni ya kwanza ya abiria ilizinduliwa Mei 2017. Ile ya Naivasha ikafika 2019, na hapo reli ikakwama. Mikataba ilibaki siri miaka mingi. Novemba 2022 ndipo sehemu yake ikatolewa hadharani, na tukaona kilichokuwa ndani: sheria inayotumika ni ya China, mzozo ukitokea usuluhishi unafanyika Beijing, na mkopaji ametakiwa kutunza siri. Hayo yalikuwa yamewekwa sahihi miaka minane kabla ya mlipa kodi kuyaona.

"Lakini si waliweka bandari ya Mombasa dhamana?" Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Uvumi ulianza 2018, ripoti ya ukaguzi ilipovuja. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifuatilia karatasi zenyewe wakahitimisha kwamba bandari haikuwa dhamana. Mimi nakubaliana nao. Ila kilichokuwepo kinastahili kelele zaidi kuliko huo uvumi.

Kulikuwa na makubaliano ya "chukua au ulipe". Bandari iliahidi kuipa reli kiasi fulani cha mizigo kila mwaka. Mizigo ikipungua, bandari inafidia, ili mkopo ulipwe. Sasa fikiria wewe ndiye umeweka ahadi hiyo, na wenye mizigo wanapendelea malori kwa sababu ni nafuu au yanawafikisha hadi mlangoni. Utafanya nini? Utawalazimisha. Ndivyo ilivyokuwa: mwaka 2019 agizo likatoka kwamba makontena yapande SGR. Mombasa watu wakaandamana. Madereva wa malori, maghala ya makontena, mama wa chakula kule Mtito Andei, wote walipigwa. Agizo liliondolewa Septemba 2022.

Umeona mambo yanavyoenda? Hakuna Mchina aliyekuja kufunga biashara ya mtu Mtito Andei. Kipengele cha mkataba ndicho kilisukuma sera, na sera ikafunga biashara. Anayepiga kelele ya "ukoloni" halioni hili, na anayesema "marafiki" pia halioni.

Na usijidanganye ati wewe wa Thika hulipi kwa kuwa hujawahi kupanda hiyo treni. Kuna ushuru wa maendeleo ya reli, ulianza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini. Simu unayosomea uzi huu imeulipa. Mtumba wa Makongeni umeulipa.

Kitu kingine ambacho midahalo hukiruka kabisa ni sarafu. Mikopo ya SGR ilikuwa ya dola, na miwili kati yake riba ilikuwa inapanda na kushuka na soko. Riba za dola zilipopanda kuanzia 2022, tukaumia. Oktoba 2025 Hazina ikatangaza kwamba mikopo yote mitatu imehamishwa kwenda yuani, na kwamba tutaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka. Ni afueni, sibishi. Lakini Beijing pia imepata ilichokuwa inakitafuta, maana taifa linaloinuka linataka dunia ikope na kulipa kwa sarafu yake. Pande zote mbili zinaweza kufaidika kwa karatasi moja. Hilo si dhambi, ni siasa ya kimataifa.

Tuje kwa usalama. China ilianza kutuma meli za kivita Ghuba ya Aden mwishoni mwa 2008 kulinda meli dhidi ya maharamia wa Kisomali. Agosti 2017 ikafungua Djibouti kambi yake ya kwanza ya kijeshi nje ya nchi. Ni mwendo mfupi tu kutoka kambi kubwa ya Wamarekani ya Lemonnier. Wafaransa wako hapo, Wajapani pia. Djibouti inakodisha kwa wote na inaishi hivyo.

Sisi hatujafika huko, lakini angalia Lamu. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, mjenzi akiwa kampuni ya serikali ya China, pesa zikiwa zetu. Kaunti hiyo hiyo ina kambi ya Manda Bay, ambako wanajeshi wa Marekani wako pamoja na wetu. Ndiyo ile Al-Shabaab waliyoshambulia Januari 5, 2020, Wamarekani watatu wakauawa. Yaani kwenye pwani moja tumemweka mmoja kwenye gati na mwingine kwenye uwanja wa ndege.

Kwa miaka mingi mpangilio huu ulitufaa: reli na barabara kutoka Mashariki, silaha na mafunzo kutoka Magharibi. Juni 2024 Washington ikatupa hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Mwezi huo huo polisi wetu wakatua Haiti, kwa misheni iliyotegemea sana pesa za Marekani. (Azimio la kuruhusu misheni hiyo lilipopigiwa kura Baraza la Usalama Oktoba 2023, China na Urusi zilijizuia.) Aprili 2025 Nairobi ikaenda Beijing na kutangaza uhusiano wa ngazi ya juu zaidi. Kufikia Agosti, seneta mmoja wa Marekani alikuwa anataka ile hadhi yetu ichunguzwe upya.

Hiyo ndiyo hatari ninayoiona mimi. Sioni manowari za Kichina zikija Mombasa kuchukua bandari. Naona siku ambayo anayetudai na anayetulinda wataacha kuvumiliana, kila mmoja atuambie tuchague, na sisi tugundue kwamba tulishachagua zamani kwenye kipengele ambacho hatukuwahi kuonyeshwa.

Mkitaka kufuatilia jambo moja mwaka huu, fuatilieni barabara ya Rironi hadi Mau Summit. Kwanza ilikuwa ya kampuni za Kifaransa, mkataba wa 2020. Ukavunjwa. Mwaka 2025 ikapewa Wachina, na safari hii mmoja wa wabia wao ni NSSF, na madereva watalipia kupita. Mkiwa kwenye ajira rasmi, angalieni payslip zenu. Kuna makato ya NSSF hapo. Kwa hivyo mdahalo ukija na mtu aanze habari ya marafiki na wakoloni, muulizeni tu: magari yakiwa machache kuliko yaliyokadiriwa, mkataba unasema nani anafidia?