Hesabu za Watoto Wetu: Jawabu na Njia Yake

Hapana nyumba yenye mtoto wa Gredi ya 7, 8 au 9 katika skuli za serikali za Kenya isiyoletewa karatasi yenye maneno ambayo wazee hawakuyazoea: Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio, na Chini ya Matarajio. Baba huisoma, akaigeuza nyuma, akatafuta nambari ya mtoto darasani asiione. Kisha humwuliza mwanawe, "Umepasi ama umeanguka?" Mtoto naye hana la kumjibu. Twaona yafaa tulieleze jambo hili kwa upande wa hesabu, kwani ndilo somo liogopwalo kuliko yote.

Waliosoma tangu mwaka 1985 waujua mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika hesabu palikuwa na maswali 50, na kila swali lina majawabu manne, mtoto achague moja. Mtihani huo ulikuwa na wepesi wake, maana mashine husahihisha upesi wala haina upendeleo. Lakini tazameni hili: mtoto asiyejua hata swali moja, lau angebahatisha yote, angetarajiwa kupata 12 au 13 katika 50. Na mwenziwe aliyeifuata njia sawasawa, kisha akateleza katika kujumlisha mwishoni, hakupata kitu kwa swali hilo. Mashine haikuona njia; iliona alama ya kalamu tu.

Na tutwae mfano ulio karibu na nyumba zetu. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, na watoto wa kiume na wa kike. Baada ya mazishi, madeni na wasia zimebaki shilingi 240,000. Mke ana thumni, yaani 1/8, na mama ana sudusi, yaani 1/6. Je, wawili hao pamoja wana sehemu gani? Mtoto wa Gredi ya 7 aliyefahamu atazileta sehemu hizo katika asili moja, ziwe 3/24 na 4/24, apate 7/24: mke shilingi 30,000 na mama 40,000, na zilizobaki 170,000 ni za watoto. Asiyefahamu atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, aandike 2/14, yaani 1/7. Kwa hesabu yake wajane hao wawili, wa mume na wa mwana, watapewa pamoja shilingi 34,286 badala ya 70,000. Zaidi ya nusu ya haki yao imepotea kwa kosa la mstari mmoja! (Wala si ajabu kwamba Al-Khwarizmi, alipoandika kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad katika karne ya 9, alitia ndani yake mlango mrefu wa wasia na mirathi.)

Mwalimu aonaye 1/7 imechaguliwa katika majawabu manne hajui kama mtoto amekosea kufikiri au amebahatisha. Lakini akiona 2/14 imeandikwa kwa mkono, papo hapo ajua ugonjwa uko wapi. Ndiyo sababu twaona mpango mpya, pamoja na dosari zake, una kheri ndani yake. Mtoto amalizaye Gredi ya 9 hapimwi kwa siku moja tu: 20 katika mia hutoka mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, 20 hutoka kazi alizopimwa skulini Gredi ya 7 na ya 8, na 60 hutoka mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025.

Dosari moja ni viwango vyenyewe. Vile vinne vimegawanywa vikawa 8, cha chini kina pointi 1 na cha juu pointi 8. Apataye 58 katika mia na apataye 74 wote hupewa pointi 6, na apataye 75 hupewa 7. Basi mtoto aweza kushuka alama 16, na karatasi isimwambie mzazi neno.

Ya pili ni uchache wa walimu. Skuli hizi za Sekondari Msingi ziliwekwa ndani ya skuli za msingi tangu mwaka 2023, na walimu wengi waliandikwa kwa mkataba wa muda, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 waligoma kudai kazi ya kudumu. Masomo ni tisa. Mahali penye walimu wawili au watatu, hesabu huangukia mikononi mwa asiyeisomea. Hatumlaumu, twasema tu kwamba mwalimu wa namna hiyo hukimbilia kutoa jawabu, kwani kusoma njia za watoto sitini katika madaftari kwataka saa nyingi na ujuzi mwingi.

Kwa hivyo wazazi na watake kuona daftari kabla ya karatasi ya viwango. Hata mama asiyepata kuingia skuli aweza kumwambia mwanawe, "Nieleze, umelipataje hili?" Akiwa hawezi kueleza, hata jawabu likiwa sawa, kuna mahali hajafahamu, na hapo ndipo pa kumwendea mwalimu.

Wala wasingoje Gredi ya 9. Matokeo yake hutazamwa katika kumpa mtoto njia ya Gredi ya 10, ambako wafuatao sayansi husoma hesabu kamili na wengine husoma iliyo nyepesi zaidi. Na wakati huo alama za Gredi ya 7 zimekwisha kuandikwa zamani.