Maji ya Kagera na Haki ya Mwenye Kibanja

Hakuna mwananchi anayeupinga umeme. Mtoto wa Karagwe anayesoma kwa kibatari anaijua thamani yake. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulitegemea umeme kutoka Uganda, hali mto mkubwa ulipita mlangoni pake ukishuka kwenda Ziwa Victoria.

Hali hiyo inageuka. Maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, yamewekewa mitambo ya megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mpango wa Kakono, katika wilaya za Kyerwa na Missenyi, umekusudiwa kutoa megawati 87.8. Twaufurahia.

Lakini hapana budi tuulize: gharama yake yamwangukia nani? Bwawa hufunika ardhi, na nyaya hupita juu ya mashamba. Kibanja cha migomba na mibuni si kiwanja kitupu; ni chakula cha nyumba, ni ada ya shule, ni makaburi ya wazee. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Neno "haraka" halikuwekwa kwa pambo. Mgomba unaothaminiwa leo na kulipwa baada ya miaka umelipwa nusu, maana bei ya bati na saruji haimngoji mtu.

Wako wasemao kwamba kuhifadhi misitu ni kuchelewesha maendeleo. Hatukubaliani nao. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Rumanyika na Ibanda yalipandishwa kuwa Hifadhi za Taifa. Kilima chenye miti hushika udongo. Kilima kilichomalizwa kwa mkaa huumwaga mtoni, na tope hilo hujaza bwawa na kula mitambo. Basi alindaye msitu aulinda umeme pia.

Kwa hiyo twawaomba viongozi, tangu shina na kijiji hadi wilaya, wasimamie mambo matatu. Hesabu za fidia zielezwe wazi, kila mtu aelewe haki yake. Malipo yatangulie tingatinga. Na kijiji kilichotoa ardhi kisiwe cha mwisho kuwashiwa taa. Wananchi nao wasikate miti ya kingo za mto.

Itakuwa aibu kwetu sote nyaya zikipita juu ya nyumba iliyo gizani.