Bastola ya mvuto mrefu: Mwenye leseni aipime vipi kabla ya kuitia kiunoni

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi katika makutano ya Kombani, pale barabara ya kupanda Kwale mjini inapoachana na ile itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, alinijia majuzi na swali ambalo sikulitarajia. Yeye hufunga duka baada ya swala ya magharibi akiwa na mauzo ya siku nzima mkononi. Ameomba kibali cha kumiliki silaha, akakubaliwa, na sasa muuzaji aliyesajiliwa amemwekea bastola mbili mezani achague. Moja ni Ceska, ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa jina. Nyingine ni ndogo, nyepesi, isiyo na kitu chochote kinachochomoza, lakini kifyatulio chake, kwa maneno yake mwenyewe, "kinavutwa kama ndoo ya kisimani." Alitaka kujua kama bastola hiyo ina hitilafu au ndivyo ilivyoundwa.

Ndivyo ilivyoundwa. Lakini jibu hilo halimsaidii mtu ambaye huenda uhai wake ukategemea chombo hicho usiku mmoja tu katika maisha yake, tena kwa sekunde mbili au tatu.

Hofu ya watu wa Kwale haikuzuka jana. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi waliokuwa wamekula kiapo na kufanya mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo waliteremkia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kupora bunduki. Miaka ya 2010 wazee wa vijiji katika kaunti hii waliuawa majumbani mwao na watu waliowashuku kuwa wapashaji habari wa serikali. Kwa hivyo, mtu wa Kombani anapotaka kujilinda hatuwezi kumcheka. Hata hivyo, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimpi mtu bastola kwa sababu ya woga pekee. Mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu ya kutosha, na mlevi au mtu asiye na akili timamu hapewi cheti. Mnamo Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Bw Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wapigwe msasa upya, na wako waliojikuta wakizirejesha.

Sasa tuingie ndani ya chombo chenyewe.

Ili risasi ilipuke, nyundo ya bastola lazima irudi nyuma, kisha iachiliwe iipige pini, nayo pini ichome fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Katika bastola tunayoizungumzia, kidole ndicho kinachofanya kazi zote mbili: kuirudisha nyundo nyuma na kuiachilia. Baada ya kila risasi nyundo hurudi chini ikapumzika, na kidole huanza upya. Mvuto wa kwanza ni sawa na wa pili, na wa pili ni sawa na wa kumi. Bastola za aina hii zenye nyundo kwa kawaida huhitaji nguvu ya kilo nne hadi tano na nusu, na kifyatulio husafiri mwendo mrefu kabla ya mlio kusikika.

Ceska ya kawaida, yaani CZ 75 iliyobuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, katika iliyokuwa Chekoslovakia, ina tabia mbili. Nyundo ikiwa chini, risasi ya kwanza huvutwa kwa mwendo mrefu na mzito. Baada ya hapo, sehemu ya juu ya bastola inaporudi nyuma huikokota nyundo, kwa hivyo risasi ya pili na zinazofuata huwa na mvuto mfupi na mwepesi. Mtu asiyefanya mazoezi hushangazwa na mabadiliko hayo: risasi ya kwanza huenda chini ya shabaha, na ya pili humponyoka kabla hajawa tayari. Isitoshe, CZ 75 ya asili haina kidude cha kuishushia nyundo. Mwenyewe hulazimika ama kuibeba nyundo ikiwa juu na kufuli ya usalama imefungwa, au kuishusha kwa kidole gumba huku akivuta kifyatulio, risasi ikiwa ndani. Kidole gumba chenye jasho la Likoni mwezi Februari si kitu cha kuwekea dhamana.

Ubora wa mvuto mrefu unaonekana hapo. Mtu anayebeba bastola ndani ya shati huibeba akiingia matatu, akisukumana kwenye feri, akiinama kuwafungia wateja mabati. Ncha ya shati au kamba ya kikoi inaweza kuingia ndani ya ala wakati bastola inaporudishwa. Kifyatulio kinachohitaji kilo tano na safari ndefu humpa mtu nafasi ya kuhisi kwamba kuna kitu kimekwama. Chepesi hakimpi nafasi hiyo. Vivyo hivyo kwa mikono inayotetemeka kwa woga, ambayo hubana kila inachokishika. Lakini tahadhari: uzito wa kifyatulio hauchukui nafasi ya ala ngumu inayokifunika chote, wala ya kanuni ya kutotia kidole ndani hadi uamuzi wa kufyatua uwe umefanyika.

Gharama yake ni shabaha. Bastola ndogo yenye risasi zake haifiki kilo moja, nayo inavutwa kwa nguvu ya kilo tano. Asiyekuwa na mkono imara huipeleka mdomo wake kushoto au chini kabla risasi haijatoka. Jiji la New York lina historia inayofundisha kuhusu jambo hili. Polisi wake walipoanza kuacha rivolva mwaka 1993, waliruhusiwa bastola za mvuto mzito tu, na hata Glock, ambayo kiwandani huwa na mvuto wa takriban kilo mbili na nusu, iliwekewa springi ya kuufikisha kilo tano na zaidi. Nia ilikuwa kupunguza ajali. Mnamo Agosti 24, 2012, mbele ya jengo la Empire State, maafisa wawili walimfyatulia muuaji mwenye silaha risasi 16. Wapita njia tisa walijeruhiwa kwa risasi za polisi au vipande vyake. Wakosoaji walikitaja kifyatulio kizito, wengine wakataja uchache wa mazoezi. Mimi naona mambo hayo mawili hayatengani: ukichagua kifyatulio kizito umechagua pia mazoezi mengi.

Basi mnunuzi apime nini? Uzito si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni kama kidole kinafika. Akiwa ameshika mpini sawasawa, bila kuuzungusha mkono, sehemu ya katikati ya ncha ya kidole cha shahada inapaswa kukaa juu ya kifyatulio kwa raha. Mwenye mkono mfupi anayelazimika kujinyoosha hatafaulu hata apewe bastola ya dhahabu. Cha pili ni ulaini. Kilo tano zinazokwenda sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho ni bora kuliko kilo nne zinazokwaruza katikati, au zinazoongezeka ghafla ukingoni. Cha tatu, ambacho wengi hawakijui, ni kurudi. Kifyatulio cha aina hii lazima kiachiliwe kirudi mbele chote. Mtu mwenye haraka hukiachilia nusu, akavuta tena, na hakuna kinachotokea. Yeye hudhani bastola imeharibika, kumbe ni kidole.

Haya yote yanaweza kupimwa bila kulipua kitu, kwa idhini ya muuzaji. Magazini itolewe, chemba ikaguliwe kwa macho na kwa ncha ya kidole, risasi zote ziwekwe chumba kingine, na bastola ielekezwe mahali ambapo risasi ingezuiliwa. Ukuta wa fito na udongo hauzuii. Itumike risasi bandia ya mazoezi kuilinda pini. Sarafu iwekwe juu ya sehemu ya mbele ya bastola, kisha kifyatulio kivutwe polepole. Ikidondoka kabla ya nyundo kushuka, mkono haujaiva. Jaribio hilo lirudiwe mara ishirini, kwa sababu mvuto wa ishirini ndio unaoonyesha nguvu halisi ya kidole.

Kuna kishawishi kinachowaponza wengi. Fundi humwambia mwenye bastola kwamba anaweza kukipunguza uzito kwa kubadili springi ya nyundo. Ni kweli, anaweza. Lakini springi ile ile inayokuchosha kidole ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kuchoma fataki. Ikilegezwa, bastola huwa tamu mkononi na bubu siku ya haja, hasa kwa risasi zenye fataki ngumu. Watetezi wa bastola hizi husema kwamba fataki isipolipuka unaweza kuvuta tena na nyundo ikaipiga mara ya pili. Nyingi zina uwezo huo, si zote. Walimu wengi huona ni afadhali kuitoa risasi hiyo na kuingiza nyingine. Kisheria, kazi ya kuirekebisha silaha ni ya mwenye leseni ya biashara hiyo, si ya fundi wa pikipiki.

Kuhusu kutegemeka, vitabu vya Marekani humtaka mtu afyatue risasi 200 au zaidi bila mkwamo kabla ya kuiamini bastola. Huko risasi hununuliwa kama sabuni. Kwetu, cheti hutaja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, na kila ununuzi huandikwa. Njia iliyopo ni kwenda kwenye uwanja wa shabaha wenye idhini, kuzinunua na kuzitumia hapo hapo, mara kadhaa kwa mwaka. Zisizopaswa kukosa majaribio ni risasi za aina ile ile utakayoibeba, na kila magazini uliyo nayo. Mikwamo mingi hutokana na magazini: springi iliyochoka au midomo iliyopinda. Bastola ndogo pia huhitaji kifundo cha mkono kilichokaza. Kikilegea, sehemu ya juu hairudi yote na ganda hukwama.

Pwani inaongeza mambo yake. Bastola inayokaa kiunoni huloweshwa na jasho upande mmoja, na hewa yenye chumvi humalizia. Ifutwe kila jioni na ipakwe mafuta kidogo. Mafuta mengi hukamata mchanga, na yakipenya kwenye fataki huweza kuiua. Aidha, mwenye kutoa risasi ya chemba kila usiku na kuirudisha asubuhi asitumie hiyo hiyo kila siku. Kwa kugongwa mara kwa mara, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda, na ikilipuka shinikizo huzidi kiasi. Azizungushe, na ile iliyofupika aiweke kando.

Mfanyabiashara wetu alirudi dukani, akaomba aishike tena ile ndogo. Kidole chake kilifika, lakini sarafu ilidondoka mara kumi na tatu kati ya ishirini. Muuzaji amekubali kumwekea kwa mwezi mmoja, naye ameanza kwenda uwanjani kila Jumamosi.