Risasi ya .22 Kihambani

Majirani zangu wa Kibosho wanajua nilikotoka. Wanajua nilipita Chuo cha Mweka, kile kilichofunguliwa mwaka 1963 huko juu ya Moshi karibu na msitu, na kwamba sehemu kubwa ya utumishi wangu nilitunza ghala la silaha za askari wa wanyamapori. Kwa hiyo mtu akishapata kibali, kabla hajaenda dukani anapitia kwangu. Siku hizi wapo wanaokuja na bastola au bunduki ndogo ya .22, na swali lao ni moja: "Meku, ninunue risasi gani ya kujilindia?"

Wanatarajia nitaje jina la kampuni. Mimi huwajibu hivi: nunua ile itakayowaka kila unapovuta kifyatulio. Mengine yote yanafuata nyuma ya hilo.

Sababu imo ndani ya risasi yenyewe. Risasi za bunduki kubwa, kama zile za .375 na .458 tulizobeba kwa ajili ya nyati na tembo, zina fataki katikati ya kitako, kidude kinachojitegemea kilichopachikwa kwenye tundu lake. Ya .22 haina. Dawa ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, kuzunguka mduara wote, na pini ya bunduki inauponda ukingo huo mpaka dawa ilipuke na kuwasha baruti. Ufundi huu ni wa zamani: Smith & Wesson wa Marekani walitoa bastola yao ya kwanza ya .22 mwaka 1857, na risasi tunayoitumia leo, Long Rifle, ilitoka kwa kampuni ya Stevens mwaka 1887. Ni rahisi kutengeneza, na ndiyo maana bei yake iko chini. Lakini kiwandani dawa ile husambazwa kwa kuzungushwa, na ikitokea sehemu moja ya ukingo imekosa dawa, na pini ikapiga hapo hapo, utasikia "tak" na basi.

Ninayo risasi moja ya namna hiyo ambayo huwaonyesha wageni. Imekwisha kufanywa salama, baruti imetolewa na dawa haifanyi kazi tena. Ukiishika karibu na dirisha unaona alama mbili ukingoni, kila moja kama ukucha wa mtoto. Alama ya kwanza ni ya kina, pini ilipiga kwa nguvu zote, na risasi haikuwaka. Ilipogeuzwa ikapigwa upande wa pili, bado haikuwaka. Risasi nyingine za boksi lile lile ziliwaka zote. Mtu akiniambia .22 yake haigomi, namwekea hiyo kiganjani.

Halafu kuna unyevu wetu. Kichwa cha risasi ya .22 ni cha madini laini ya risasi, kimebanwa tu kwenye mdomo wa ganda, na mara nyingi kimepakwa nta kwa nje. Hakijazibwa kwa uimara wa risasi kubwa. Sasa fikiria masika ya Aprili na Mei huku juu, ukungu unashuka mpaka mlangoni na viatu vinaota ukungu kabatini. Boksi la risasi likikaa hapo miaka, juu ya dari au kwenye debe la maharage kama nilivyokuta kwa watu, usitegemee litakuokoa. Kule Pasua au Majengo chini mjini Moshi kuna joto na vumbi, na vumbi linanata kwenye nta ile na kuingia ndani ya bastola. Kwa hiyo nasema chagua kichwa kilichopakwa shaba, kisichotegemea nta nyingi, nunua kidogo kidogo, weka kwenye chombo kinachofunga vizuri, na zile za zamani zitumie kwa mazoezi kwenye uwanja wa shabaha.

Mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka wa Kiboriloni alikuja kwangu baada ya kupewa kibali cha bastola ya .22. Mikono yake ina baridi yabisi, hawezi kuhimili teke la bastola kubwa, na hilo naliona kuwa sababu ya kweli ya kuchukua .22. Yake ni ya silinda. Nilifurahi, kwa sababu risasi moja ikigoma kwenye silinda unavuta tena na nyingine inakuja. Kwenye bastola ya magazini ungelazimika kuvuta kifuniko cha juu cha bastola, kuitoa iliyogoma na kuingiza mpya, gizani, huku moyo unadunda. Mwenye bastola ya magazini ana sharti lingine pia: risasi iwe na nguvu ya kurudisha kifuniko nyuma. Zile za polepole, zinazopendwa kwa kuwa kelele yake ni ndogo, mara nyingi hukwama. Achukue za kasi ya juu, ajaribu boksi zima mahali panaporuhusiwa, na aina itakayokwama hata mara moja aiache.

Mama yule aliniletea karatasi aliyoandikiwa na muuzaji. Iliyopigiwa mstari ilikuwa yenye kichwa cha tundu, kile kinachotakiwa kufunguka kikiingia mwilini. Kwenye bunduki ya mtutu mrefu, sawa. Kwenye bastola ya mtutu mfupi nilimwambia aiache. Kichwa cha kawaida cha .22 kina uzito wa kama gramu 2.6. Kikitoka kwenye bunduki ndefu huwa na nguvu ya karibu jouli 180, lakini kikitoka kwenye mtutu mfupi hubaki na 100 na kitu tu, wakati bastola ya milimita 9 hufika karibu 500. Kwa nguvu ndogo hivyo, kichwa cha tundu ama hakifunguki kabisa, ama kinafunguka na kuishia karibu. Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, hupima risasi kwa kutaka ipenye angalau sentimita 30 kwenye jeli maalumu. Kwa .22 ya mtutu mfupi, kichwa kizima cha mviringo, kile kile cha gramu 2.6, yaani greni 40, ndicho chenye nafasi nzuri ya kufika huko. Basi achukue hicho, cha bei ya kawaida, cha kiwanda kinachojulikana.

Wapo wanaoidharau, wanasema ni ya kutisha kunguru. Watu hao wananitia hofu kuliko majambazi. Risasi hii inaua mtu, tena anaweza kupigwa akaendelea kukimbilia kwako na kufa baada ya saa nzima hospitalini. Haimzuii kwa uhakika, lakini inaweza kumuua kwa uhakika wa kutosha. Na isipompata, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Hebu simama kwenye kihamba chako, shamba lako la nyumbani, utazame. Nyumba ya kaka yako iko nyuma ya uzio wa masale, jikoni kwa shemeji ni mbao na mabati, mbele yake njia ya watoto wa shule inafuata mfereji. Mbao na mabati havizuii .22. Ikigonga jiwe au maji kwa pembe, inaruka kuelekea usikokujua. Kila mwenye kibali anayekuja kwangu namtembeza kwenye uwanja wake mchana, tunaonyeshana upande ambao hatapiga kamwe hata akivamiwa, na mara nyingi pande hizo ni nyingi kuliko zilizobaki. Wale wanaofyatua hewani kuwatisha wezi nawaomba waache: kilichopanda kitashuka juu ya bati la mtu.

Sheria nayo isomwe kabla ya boksi kufunguliwa. Silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hakuna kumwazima jirani risasi kumi, hakuna kurithi bastola ya marehemu kimyakimya. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujilinda kwa nguvu inayostahili hali uliyomo. Ukizidisha na mtu akafa, ni kesi ya kuua bila kukusudia. Mwizi anayekimbia na ndoo ya kahawa amekupa mgongo, na huna sababu ya kumfyatulia.

Wazee wetu wa Marangu na Mamba walichimba mahandaki ya kujificha wao na ng'ombe wao, na yapo mpaka leo. Walitafuta muda wa kuwa hai mpaka hatari ipite. Kazi ya .22 ni hiyo hiyo: kukupa sekunde za kuufikia mlango, kufunga komeo na kupiga yowe. Mbwa, taa ya nje, komeo la chuma na majirani wanaoitikia yowe vimeokoa watu wengi zaidi hapa kijijini kuliko bastola yoyote niliyoikagua.

Kila Desemba ikikaribia, nyumba hujaa wajukuu kutoka Dar na Arusha. Bastola iwe ndani ya kasha la kufuli, risasi kwenye kasha lake, ufunguo mfukoni mwa mwenye kibali. Kwenye uwanja wa shabaha, risasi ikigoma, elekeza mtutu chini upande salama, subiri nusu dakika ndipo ufungue, kwa sababu nyingine huchelewa kuwaka. Usiitupe shimoni wala kwenye moto wa takataka. Zikusanye zilizogoma pamoja na zile zilizoota kutu, uzipeleke kituo cha polisi, na uhakikishe wameandika idadi yake kabla hujaondoka.