Nani wa kuaminiwa katika chama?

Mwanachama akishindwa kulipa mkopo, mara nyingi wenzake ndio hubeba deni. Kwa hivyo vikundi vya kuweka na kukopa, Sultan Hamud na kwingineko Makueni, huwa waangalifu kuhusu nani anaingia. Wengine huamua kwa kutazama umri na jinsia tu: mama mzima hupokelewa, kijana wa kiume hutiliwa shaka.

Je, dhana hiyo ni ya kweli? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohoji watu 80,000 katika nchi 76 ikiwemo Kenya, uliona kwamba kwa wastani wanawake huelekea zaidi kusaidia wengine na kurudisha wema. Lakini huo ni wastani. Tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kuliko tofauti kati ya wanawake na wanaume.

Kuhusu umri, utafiti wa Austria wa mwaka 2007 ulitumia jaribio la fedha: mmoja anamtumia mwenzake asiyemjua, naye anaamua atarudisha kiasi gani. Watoto wadogo waliamini wenzao kidogo. Imani ilipanda hadi utu uzima wa mapema, kisha ikabaki karibu palepale. Mtu wa miaka 25 hana sababu ya kuachwa nje kwa sababu ya umri wake pekee.

Mwethya wa Wakamba unaonyesha njia bora. Matuta mengi yanayozuia mmomonyoko katika mashamba ya Ukambani yalichimbwa kwa zamu na vikundi hivyo, wengi wao wakiwa akina mama. Kila mmoja alionekana akifanya kazi, na aliyekosa zamu ya jirani alijulikana.

Vyama vya leo vinaweza kufanya vivyo hivyo. Mwanachama mpya aanze na mkopo mdogo, na apewe mkubwa akishalipa. Daftari lisomwe kwa sauti katika kila mkutano. Watia sahihi wa akaunti wachanganywe, wazee na vijana, wanawake na wanaume.

Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi huhitaji wanachama wasiopungua 10 na katiba yake. Usajili hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Kabla ya kumkataa mtu, uliza amelipaje madeni yake, si amezaliwa mwaka gani.