Vijidudu vya Matumbo na Jina Lao

Neno "vijidudu" limezoeleka kutajwa pamoja na maradhi, hata msikiaji hudhani kwamba wote ni adui. Sivyo. Katika utumbo mpana wamo bakteria wasiohesabika, nao huchachusha nyuzinyuzi za nafaka na mboga ambazo mwili wenyewe hauwezi kuzisaga. Katika kuchacha huko hupatikana asidi, mojawapo butireti, ambayo hulisha ukuta wa utumbo. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani waliwatwaa bakteria wa mapacha, katika kila jozi mmoja mnene na mwenziwe mwembamba, wakawatia katika panya waliolelewa pasipo kijidudu chochote. Chakula kilikuwa kimoja. Lakini panya waliopewa bakteria wa wale wanene ndio waliozidi mafuta mwilini. Basi yampasa mtunga kamusi aeleze kijidudu ni nini pasipo kumhukumu.