Msafiri Mmoja, Boti Nzima: Ziara ya Mto Rufiji kwa Anayesafiri Peke Yake

Mwalimu wa Mjimwema, Songea, anayengoja likizo ya Juni ili akaone viboko wa Mto Rufiji hakosi kuulizwa na jirani zake: "Unakwenda na nani?" Kwa mtumiaji wa huduma, swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Watu wakipanda boti kwa kundi hugawana gharama, huzisikia ahadi za mwenye boti kwa masikio mengi, na hugundua mara moja mwenzao asipoonekana. Asafiriye peke yake hukosa yote matatu. Kwa sehemu kubwa, hana budi kuyafidia kwa maandishi.

Ziara hizi hufanyika katika Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Wageni wengi huanzia kijiji cha Mloka, karibu na lango la Mtemere. Atokaye Songea anaweza kupita Tunduru na Masasi, akashika barabara ya Lindi, akauvuka mto wenyewe juu ya Daraja la Mkapa, na kufika Kibiti ambako njia ya Mloka huchepuka. Ni safari ndefu ya mabasi. Anayefika mtoni amekwisha kulipa nauli na malazi, na hawezi kugeuza kirahisi akiambiwa pale ukingoni kwamba bei si ile aliyotajiwa kwa simu. Mfanyabiashara asiye mwaminifu analijua hilo vizuri. Kwa hiyo, makubaliano yafanyike msafiri akiwa bado nyumbani.

Bei ni ya boti au ya kiti?

Hapa ndipo wasafiri wa peke yao wanapopata hasara kubwa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba boti ya watu wanane hukodishwa kwa shilingi 400,000. Wakiwa wanane, kila mmoja atatoa 50,000. Akiwa mmoja, zote ni zake. Tangazo linaloandika "kuanzia shilingi 50,000" huwa limekadiria boti iliyojaa, na halitaji jambo hilo. Uliza waziwazi: bei hii ni ya kiti changu au ya chombo kizima?

Ukiambiwa utaunganishwa na wageni wengine, usiishie hapo. Uliza itakuwaje wageni hao wasipotokea. Je, boti itaondoka? Tofauti ya gharama italipwa na nani? Safari ikiahirishwa kwa sababu idadi haikutimia, utarudishiwa fedha yako yote, au utapewa tarehe nyingine ambayo huenda likizo yako imekwisha? Kuahirisha kwa sababu ya mafuriko ni jambo moja. Kuahirisha kwa sababu mwenye boti hakupata abiria wa kutosha ni jambo jingine, na masharti ya kurudisha fedha yayatenganishe. Majibu yote yaandikwe, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, na ujumbe huo usifutwe hadi utakaporejea Songea.

Uliza pia kilichomo ndani ya bei. Kiingilio cha hifadhi, ada ya ziara ya boti, ujira wa mwongozaji, chakula, na usafiri wa kutoka kituo cha basi hadi mtoni vinaweza kuwa pamoja au mbalimbali. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa viwango nafuu kuliko mgeni wa nje, lakini sharti athibitishe uraia wake. Kitambulisho cha Taifa kilichosahaulika Mjimwema kinaweza kuigharimu safari nzima.

Fedha inakwenda kwa nani?

Anayefanya biashara ya kutembeza watalii anapaswa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Wengi bado huiita leseni ya TALA. Omba nakala yake, kisha linganisha jina lililomo na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri ya malipo. Kampuni ikijiita jina moja na fedha ikipokelewa kwa jina la mtu binafsi, sitisha malipo hadi upate maelezo yanayoridhisha. Ada za hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali. Mtu akitaka umkabidhi fedha taslimu "akakulipie getini", mdai namba hiyo. Kwa huduma ya kampuni yenyewe, dai risiti ya EFD. Hiyo ndiyo shahidi wako pale ambapo mwenye kundi angekuwa na wenzake saba.

Malipo ya awali ni jambo la kawaida katika biashara hii, wala si ishara ya utapeli. Hata hivyo, toa sehemu tu ya fedha, na salio ulilipe ukisha kukiona chombo.

Siku yenyewe

Asubuhi, kabla ya kupanda, hesabu majaketi okozi kisha uhesabu abiria. Lako livae na ulifunge. Lililokaliwa kama mto wa kiti halimwokoi mtu. Uliza boti imeruhusiwa kubeba watu wangapi. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Boti ya watalii ni ndogo mno ukiilinganisha nacho, lakini kanuni ni ile ile, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara.

Kiboko huliona boti linalomzuia kufika maji ya kina kuwa adui, na mamba hujilaza mchangani kana kwamba gogo. Nahodha anayejua kazi yake hukaa mbali nao. Usimshawishi asogee kwa ajili ya picha, wala usimwahidi bakshishi kwa kufanya hivyo. Miezi ya kiangazi maji hupungua na boti huweza kukwama kwenye fungu la mchanga. Ikitokea, baki ndani, usishuke kusukuma. Wakati wa masika mto hufurika, na baadhi ya kambi hufungwa.

Mtandao wa simu si wa kutegemewa mtoni. Kabla ya kuondoka, mtumie mtu mmoja nyumbani jina la kampuni, namba ya nahodha na saa unayotarajiwa kurudi, na mkubaliane atampigia nani saa hiyo ikipita. Tahadhari hii haigharimu chochote, lakini ndiyo inayosahaulika zaidi. Anayechagua Ziwa Nyasa kule Mbamba Bay, ambako ni karibu zaidi na Songea, afanye vivyo hivyo.

Huduma isipolingana na ahadi

Lalamika kwanza kwa kampuni, kwa maandishi, ukitaja ulichoahidiwa, ulichopata na kiasi unachodai. Usiporidhika, peleka nakala ya lalamiko hilo Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bei au ubora wa huduma. Suala la leseni lifikishwe Wizara ya Maliasili na Utalii, na la usalama wa chombo TASAC. Ambatisha risiti, ujumbe wa simu na picha ya boti inayoonesha namba yake ya usajili. Piga picha hiyo kabla ya kupanda, ukiwa bado nchi kavu.